Moto kwa Kauli Moja

Mansour alikuwa akibandika tangazo kwenye mlango wa ukumbi, na tangazo lilikuwa likikataa kubandikika. Gundi ya utepe ilikuwa imeganda kwa baridi. Akibonyeza kona ya juu, ya chini inafunguka. Akibonyeza ya chini, ya juu inamwangukia usoni. Hakukasirika. Katibu Mkuu wa Umoja hagombani na karatasi.

"BARAZA KUU LA UMOJA WA JUMUIYA ZA WASWAHILI WA LONDON," karatasi ilisema, "linayo furaha isiyo na kifani kuutangazia ulimwengu kwamba leo Jumanne jioni, hapa Kilburn, litapitisha Mageuzi Makuu ya Mkataba, yatakayofuta kura ya turufu na kuuingiza Umoja katika zama za maamuzi ya haraka. Wajumbe waje na makoti."

Sentensi ya mwisho aliiongeza Mansour mwenyewe. Mwenyekiti aliipinga kwanza, akidai inaushushia Umoja hadhi, lakini baada ya mashauriano ya wiki nzima iliruhusiwa kukaa chini kabisa, kwa herufi ndogo.

Mama yake, Bi Ummukulthum, akapanda ngazi taratibu, kofia ya sufu juu ya mtandio, mfuko wa unga mkononi.

"Wameshawasha?"

"Bado, mama. Kwanza mageuzi, kisha moto."

"Nani kasema?"

"Mwenyekiti."

"Kwani yeye hana mama?"

"Anaye. Yuko Kakamega."

"Aa. Huko kuna jua," akasema Bi Ummukulthum, akapita moja kwa moja jikoni, mahali pekee katika jengo zima palipokuwa na uwezo wa kupata joto, kwa sababu jiko la gesi halikutajwa kwenye Mkataba.

Boila la ukumbi, ule mtambo wa kupasha jengo joto, lilikuwa limekufa tangu baridi ilipoanza. Kila Jumatano wazee walikula hapo chakula cha mchana, na sasa walikula wakiwa na glavu. Kwa Bi Ummukulthum hilo halikuwa jambo dogo. Alikaa peke yake katika flati nyuma ya barabara kuu, na kule aliwasha hita akipata mgeni tu; nao wageni, kwa kuijua hiyo baridi, walikuwa wameacha kuja. Jumatano ilikuwa siku yake ya kuvua koti na kusikia watu wakibishana. Sasa wadhamini wa jengo walikuwa wametuma neno: kesho adhuhuri kama hakuna joto, na Umoja nao haujaamua kwa kauli yake kwamba boila litengenezwe, ukumbi utafungwa mpaka baridi iishe.

Fundi alikuwapo. Kilichokosekana ni kauli.

Inafaa kueleza Umoja ulivyo, maana wako wanaodhani ni chama cha kawaida cha kuchangiana misiba. Umoja uliundwa kwa kufuata mfano wa Ulaya. Mwenyekiti wake, Mheshimiwa Collins Wanjala, aliwahi kwenda Brussels kwa basi la watalii na kupigwa picha mbele ya zile bendera, na tangu siku hiyo hakuwa mtu yule yule. Aliporudi aliandika Mkataba wa Kilburn. Kila jumuiya ina sauti sawa, jambo lolote lenye uzito litapita kwa kauli moja, na hapana ya mmoja inawatosha wote. "Turufu haitaki sababu," Mwenyekiti alipenda kufundisha. "Huo ndio utukufu wake." Waingereza walipojitoa Ulaya, Mwenyekiti alisikitika siku mbili, kisha akatangaza kwamba Ulaya sasa imebaki Kilburn.

Jumuiya zilikuwa nne. Wakenya aliwawakilisha Mwenyekiti mwenyewe. Wapemba waliwakilishwa na Mzee Shaame, dereva wa basi aliyekaribia kustaafu, ambaye hakuwahi kukubali jambo kwa mara ya kwanza kuulizwa. Wakongo walikuwa na Mama Emérence, kiongozi wa kwaya ya kanisa moja kule Tottenham. Wahindi wa Afrika Mashariki walikuwa na Vijay, mzaliwa wa Kisumu, mkazi wa Rayners Lane, fundi wa maboila. Waunguja, kina Mansour na mama yake, walikuwa wamejitoa miaka kadhaa nyuma kwa kura iliyopita kwa kiasi kidogo sana. Mazungumzo ya namna ya kutoka yalikuwa bado yanaendelea, na kila Jumatano walikuja kula. Mansour alibaki kuwa Katibu Mkuu kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua kupanga viti. Kura hakuwa nayo.

Uenyekiti wenyewe ulikuwa wa zamu, miezi sita kwa kila jumuiya. Ila kukabidhi zamu kulihitaji kauli moja, na kila muda ulipofika mjumbe wa Wakenya alipinga. Alipinga kwa moyo mzito. Kisha Mwenyekiti alimshukuru mjumbe wa Wakenya kwa msimamo wake, kikao kikasonga mbele.

Hata kuhusu boila walikuwa wameshajaribu. Mara ya kwanza Mzee Shaame alipinga kwa sababu kumbukumbu zilitaja Pemba mwishoni. Mara ya pili Mama Emérence alisema boila litapita siku kwaya yake itakapopewa ukumbi Jumamosi. Mara ya tatu wote watatu walikubali, na hapo ndipo Mwenyekiti alipopinga. Aliona wazi, alisema, kwamba tatizo si boila bali ni mfumo. Ulaya yenyewe sasa inajiuliza kama nchi moja iendelee kuwazuia wenzake wote. Basi yeye ataruhusu boila siku wenzake watakaporuhusu mageuzi. Hicho kiliitwa kifurushi.

Na kufuta turufu, bila shaka, kulihitaji kauli moja.

*

Kikao kilifunguliwa kwa wimbo, pumzi zikitoka midomoni kama moshi wa magari.

"Waheshimiwa," Mwenyekiti alisema, mikono mifukoni, "pendekezo ni rahisi. Badala ya kauli moja, tutakuwa na wingi maalumu. Jambo litapita likiungwa mkono na jumuiya nyingi zenye watu wengi. Isipokuwa uongozi, ambao ni jambo nyeti. Uongozi utabaki kwa kauli moja."

"Tungojee hapo hapo," Mzee Shaame akasema. "Watu wengi, nani kawahesabu?"

"Tutahesabu."

"Na watoto?"

"Watoto pia."

"Batoto betu ni bengi sana," Mama Emérence akasema kwa upole wa mtu anayeona ushindi.

"Wako wengi, ndiyo, lakini ni Waswahili?" Mzee Shaame akamgeukia. "Ukiwaita kwa Kiswahili wanakuja. Ukiwauliza, wanajibu Kiingereza."

"Na wa kwako, papa?"

"Wangu hawaji hata ukiwaita."

Mwenyekiti akafikiri. "Mtoto anayeelewa asiyejibu atahesabiwa nusu," akaamua. Mansour akaandika. Vijay akauliza, kwa heshima zote, mtoto anayejibu kwa Kigujarati atahesabiwa vipi, na suala hilo likaundiwa kamati.

Baada ya hapo kila mmoja alisema hapana kwa zamu yake. Mzee Shaame alikataa kwa sababu Pemba ni ndogo na ndogo haina silaha nyingine. Mama Emérence alikataa kwa sababu Mzee Shaame alikataa kabla yake. Vijay alisema yeye hana neno, "lakini kama hawa wawili hawataki, mimi pia wacha nikatae, nisionekane nimeuza watu."

Kupitia ukutani ilikuja harufu ya iliki. Kati ya ukumbi na jiko palikuwa na kidirisha cha kupitishia sahani. Kilikuwa kimefungwa, lakini si sana.

Mwenyekiti akaivuta harufu hiyo kama wengine, ila yeye ilimpa wazo.

"Waheshimiwa, hakuna anayetaka kuwalazimisha. Mkataba wetu una busara yake. Upo Ibara ya Kutoka kwa Heri. Katibu Mkuu, soma."

Mansour akasoma: "Mjumbe asiyekubali jambo, ila hapendi kulizuia, anaweza kutoka. Akiwa nje atahesabiwa amekubali yote yatakayoamuliwa, na atarudi pale walio ndani wote, bila hata mmoja kupinga, watakapomkaribisha."

"Hata Ulaya imeshatokea," Mwenyekiti akasema. "Mkubwa mmoja hakutaka kukubali, hakutaka kukataa. Akatoka nje, wenzake wakapitisha, mambo yakaisha. Huko nyumbani anasema sikupiga kura. Huku wanasema hakutuzuia. Kila mtu na heshima yake." Akanusa hewa. "Na jikoni nasikia kuna maandazi."

Mzee Shaame alikuwa wa kwanza kusimama. Wapemba wakimuuliza atawaambia hakukubali. Boila likiwaka atawaambia hakuzuia. Tena alijua fika kwamba Mama Emérence hatakubali kamwe, kwa hiyo hakuna kitakachopita.

Mama Emérence alikaa dakika chache. Kisha akajiambia kwamba Vijay ni mtu mwenye msimamo. "Mi natoka kwa heri," akasema. "Lakini sikukubali, Papa Rais. Andika vile."

Vijay hakujiambia chochote. Alikuwa anasikia baridi. Akabeba mfuko wake wa vifaa, akawafuata.

Mlango ulipofungwa, ukumbi ulibaki na viti, Mwenyekiti na Katibu Mkuu asiye na kura.

"Wanaokubali mageuzi?" Mwenyekiti akauliza, akanyoosha mkono juu.

"Mmoja," Mansour akasema.

"Wanaopinga?" Mwenyekiti akatazama kulia, akatazama kushoto, akasubiri muda wa kutosha kwa kila kiti. "Hakuna. Andika: kwa kauli moja."

Mansour akaandika. Hakuwa mtu wa kuhukumu haraka. Akauliza tu, "Na boila, Mheshimiwa? Lilikuwa kwenye kifurushi."

"Boila litafuata ratiba. Mwezi ujao tutalijadili kwa mfumo mpya. Haraka haraka."

"Wadhamini wamesema kesho."

"Bwana Mansour, sisi tumebadilisha historia hapa, wewe unaniletea mambo ya redieta! Nenda kawaambie wajumbe waje wasikie matokeo. Na uniletee chai."

*

"Hodi," Mansour akasema mlangoni pa jiko, kama alivyofundishwa tangu utotoni na huyo huyo aliyekuwa ndani.

"Karibu!" sauti nne zikamjibu pamoja.

Joto lilimpiga usoni. Mafiga yote ya gesi yalikuwa yanawaka. Mzee Shaame alikuwa amefungua vifungo vya koti, Mama Emérence alikuwa anakata maandazi kwa kisu na kukosolewa ukubwa. Kwenye kona, ambako boila lilining'inia ndani ya kabati lake, Vijay alikuwa amelivua kifuniko.

"Vijay, hakuna azimio bado," Mansour akasema.

"Sijagusa kitu, bro. Naangalia tu. Kuangalia pia kunahitaji kura?"

"Hakuhitaji."

"Haya, basi naangalia na bisibisi."

Mansour akawasomea mageuzi. Mafuta yalichemka kwenye karai.

"Yamepita?" Mzee Shaame akauliza.

"Kwa kauli moja."

"Yaani na mie nimekubali?"

"Umekubali, mzee. Ulikuwa nje."

"Loh." Akaushika ukingo wa meza. "Na Wapemba wamekubali?"

"Wote."

"Na boila?" Bi Ummukulthum akauliza, bila kugeuka.

"Mwezi ujao, mama."

Bi Ummukulthum alipindua andazi, akalipindua tena ingawa lilikuwa tayari. Mansour akatazama pembeni, na alipotazama pembeni akaliona koti la mama yake limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Hakukumbuka mara ya mwisho kuliona koti lile likiwa peke yake. Kesho wakifunga ukumbi, litarudi mabegani na halitavuliwa mpaka Aprili.

"Mansour," Mama Emérence akasema, "soma tena pale kati kati. Pale pa 'popote'."

Mansour akasoma. "Maamuzi yatapitishwa na wingi wa jumuiya, zenye wingi wa watu, popote wajumbe watakapokuwa wamekutana." Neno lile aliliweka Mwenyekiti mwenyewe, maana alikuwa na mpango wa kuhamishia vikao sebuleni kwake, kwenye kochi jipya.

"Sisi ni jumuiya ngapi hapa?"

"Tatu, mama."

"Na kule?"

"Moja."

"Na hapa, jikoni, ni popote, ama si popote?"

Wote wakamgeukia. Mansour alikuwa ameutumikia Mkataba ule kama mtu anavyomtumikia mzee mkali, bila kumuuliza maswali. Alitazama dari. Alitazama sakafu. Akalitazama koti.

"Jikoni," akasema mwishowe, "ni popote."

Kutoka hapo Umoja ulifanya kazi kwa kasi ambayo haijawahi kuonekana, hata Brussels. Boila lilipita kabla Vijay hajazungusha spana, na alikuwa ameshaishika. Ukumbi wa Jumamosi ulipewa kwaya. Pemba ikawekwa mwanzo wa kila orodha. Waunguja walirudishwa Umojani bila masharti, na Bi Ummukulthum, kwa kuwa ndiye Muunguja aliyekuwa karibu na jiko, akawa mjumbe wao.

"Nifanye nini sasa?" akauliza.

"Hakuna, bibi," Mzee Shaame akasema. "Ukae tu na sauti yako."

"Sasa zamu," Mama Emérence akasema. "Baada ya Bakenya, ni Bakongo."

Mansour akakohoa. "Uongozi ni jambo nyeti. Unahitaji kauli moja. Mjumbe wa Wakenya lazima akubali."

Hapo kidirisha kikafunguka kwa kishindo. Uso wa Mheshimiwa Collins Wanjala ukajitokeza kati ya sahani, pua nyekundu.

"Nimesikia yote! Aki nyinyi watu, mnanicheza? Mimi napinga!"

"Mheshimiwa," Mansour akasema kwa sauti ya chini, "uko nje."

"Niko ukumbini! Niko kikaoni! Nyinyi ndio mko nje!"

Mzee Shaame akalishusha andazi lake mezani. "Sheikh," akasema, "nje ni pale penye baridi."

Mwenyekiti alikuwa akitetemeka. Mansour akapekua Ibara ya Kutoka kwa Heri, akaipekua tena kwa haki, akainua kichwa.

"Mjumbe aliye nje amehesabiwa amekubali. Zamu imekabidhiwa kwa kauli moja. Hongera, Mama Mwenyekiti."

Wakapiga makofi. Mama Emérence akauliza, kwa kuwa sasa ana madaraka, kama kweli ni lazima ile turufu ifutwe yote yote. Mzee Shaame alisema hata yeye alikuwa anawaza hivyo hivyo. Ni kitu kizuri kikiwa mkononi. Vijay, kichwa ndani ya kabati, alisema ibaki kidogo tu, kwa dharura. Wakakubaliana ibaki kwa ajili ya mlango, kuamua nani aingie.

Kidirisha kikafungwa. Nyayo zikazunguka ukumbi, zikaja kwenye ujia, zikasimama.

"Hodi," ikasema sauti ya Mheshimiwa.

Mama Mwenyekiti akanyoosha mgongo. "Kuna mujumbe anaomba kuingia. Nani anapinga?"

Mzee Shaame akatikisa kichwa kuwa hana neno. Vijay akasema, "Wacha aingie tu, jameni, atagandia huko."

"Mie," akasema Bi Ummukulthum.

Mwiko ukiwa mkononi, alikuwa anatoa maandazi na kuyapanga kwenye sahani, moja moja.

"Mama," Mansour akanong'ona, "sababu gani niandike?"

"Kwani turufu inataka sababu?"

Mansour alifikiri. "Haitaki," akasema.

"Basi."

"Hodi," sauti ikasema mara ya pili, laini kuliko ya kwanza. Kisha ya tatu. Watu wa pwani wakibisha mara tatu bila kukaribishwa huondoka, na hawanuni. Mheshimiwa alikuwa mtu wa bara. Akabisha ya nne.

"Mpeni chai," Bi Ummukulthum akasema. "Chai haina kura."

Mansour akamimina kikombe kikubwa, akaweka maandazi mawili juu ya kisahani, akavipitisha kwenye kidirisha. Mikono yenye glavu ikavipokea upande wa pili, ikaviweka chini, ikarudi kuchukua sukari.

Vijay akatoka kabatini, masizi shavuni. Sehemu za boila zilikuwa zimetandazwa sakafuni juu ya gazeti: mabomba, nati, kitu kama kijiko kilichopinda.

"Leo haliwaki," akasema. "Hii valvu imeisha. Ninayo nyingine dukani. Kesho mapema nakuja naifunga, wazee wakifika watakuta moto. Msiguse kitu chochote hapo chini."

"Na wadhamini?" Mansour akauliza.

"Waambie Umoja umeamua. Si ndiyo walitaka?"

Bi Ummukulthum akatazama lile gazeti na vyuma vyake. Akalitoa koti lake msumarini, akalivaa, akafunga vifungo hadi shingoni. "Kesho nalivua hapa hapa," akamwambia mwanawe, na ilikuwa kama amri.

Kupitia kidirisha Mheshimiwa akauliza, mdomo ukiwa na andazi, kama suala lake bado lipo mezani.

Mansour akafungua kumbukumbu za kikao, akakung'uta unga uliokuwa juu ya ukurasa, akaandika kwa mwandiko wake wa taratibu: "Kuingia kwa mjumbe wa Wakenya kumeahirishwa hadi kesho, baada ya chakula cha wazee. Hakuna pingamizi lililopokelewa dhidi ya kuahirisha. Mjumbe alikuwa nje."